Historia Fupi ya Balkoni Yangu

Mama alijua nimeacha chuo kwa sababu ya balkoni.

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa na miezi minne Bungoma, keja ya chumba kimoja na sebule, orofa ya pili upande wa Kanduyi, na kila nikipiga simu Kitale nilisema niko sawa, masomo yanaendelea. Karo ilikuwa imenishinda. Chuo chenyewe kiko mbali na huku, kwa hivyo nilidhani uongo wangu una nafasi ya kutosha. Kumbe kwenye jengo la mkabala, mita 4 hivi kutoka kwenye vyuma vya balkoni yangu, anaishi mama mmoja anayejuana na binamu ya mama kanisani. Aliniona Jumatatu saa nne asubuhi nimekaa na laptopu na kaptura. Akaniona Jumanne. Jumatano pia. Wiki za mitihani zikafika, mimi bado niko pale pale naandikia watu makala za kulipwa kwa neno, kikombe cha chai kando. Hakuniuliza kitu. Alinisalimia tu vizuri kila asubuhi, "Umeamkaje, kijana wetu?", nami nikamjibu kwa heshima zote. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeshapanda matatu, imepita Webuye, imepita Misikhu na Kiminini, na imeshuka stendi ya Kitale.

Simlaumu. Wahenga walishasema macho hayana pazia. Shida yangu ilikuwa kwamba balkoni yangu pia haikuwa nalo.

Nikaamua kuliweka. Nilianza na shuka, nikaifunga kwenye vyuma kwa kamba. Haikumaliza siku mbili, keateka akabisha mlango. "Mkubwa, mwenye ploti hataki vitu vya kuning'inia huku mbele. Vinaharibu sura ya nyumba." Nikamuuliza, na sura yangu mimi je? Akacheka, akasema hiyo ni stori ingine, lakini shuka itoke.

Nilitoa shuka. Ila swali lilibaki: hii balkoni ni ya nani hasa? Mimi ndiye ninayeilipia kila tarehe tano, jirani ndiye anayeitazama, na mwenye ploti ndiye anayeamua itakavyoonekana. Nikaanza kusoma, kama ninavyofanya nikiwa na hasira.

*

Shuleni tulifundishwa kwamba balkoni kwa Kiswahili sanifu ni roshani. Mwalimu wetu alilipenda neno hilo. Ukiweka roshani na machweo kwenye aya moja ya insha, alama zinapanda. Hakuna aliyetuambia limetoka wapi. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mwanga. Lilisafiri na watu wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu mpaka likawa jina la kitu cha mbao. Mji mkongwe wa Jeddah, kule Saudia, una nyumba zenye rawashin, ambao ndio wingi wa roshan: masanduku makubwa ya mbao yaliyochomoza ukutani juu ya barabara, yamezibwa kwa vipande vyembamba vilivyoachiana nafasi ndogo ndogo. Kule Kairo kuna ndugu yake, mashrabiya, jina ambalo wengi hulihusisha na neno la Kiarabu la kunywa, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa pale ipigwe na upepo ipoe.

Hapo nilicheka peke yangu. Hakuna balkoni kwenye ploti yetu isiyo na mitungi ya maji. Sisi tunaiweka kwa sababu mfereji una siku zake, lakini mtu wa Kairo wa miaka mia mbili iliyopita akipita hapa Kanduyi angetuelewa.

Kazi ya zile mbao ni rahisi ukishaielewa. Mchana nje kuna mwanga mwingi, ndani kuna kivuli. Aliye kivulini anaona barabara yote kupitia vitundu. Aliye barabarani anaona ukuta wa mbao tu. Upepo unapita, jua linavunjwa vipande, na mtu aliyeketi ndani anajua nani amepita na nani amepunguza bei ya samaki. Kwa maneno mengine, kile kitu ambacho Kiswahili kiliazima jina lake kwa ajili ya balkoni kilikuwa kifaa cha kuona bila kuonekana. Sisi tumebaki na jina. Zile mbao zilianguka njiani.

Pwani yetu bado inazo. Ukitembea Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, juu ya kichwa chako kuna balkoni za mbao zenye michoro, mtindo uliokuja na watu wa Gujarat. Lamu walikuwa na njia yao: wikio, daraja la chumba linalovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili juu kwa juu, ili wanawake watembeleane bila kukanyaga barabara. Na Zanzibar, Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliizungushia veranda orofa kwa orofa ili ukubwa wake uonekane tangu baharini, halafu kukawa na vivuko vya juu vya kuiunganisha na majumba ya jirani ili wanawake wa jumba la kifalme wapite bila kuonekana na mtu. Nyumba moja, mahitaji mawili: huku mbele kuonekana, huku kando kutoonekana.

Lakini tusiipambe sana hii stori. Wanawake wengi wa ngome hizo hawakuulizwa kama wanataka kufichwa. Na kule Lamu ya zamani, bibi wa nyumba kubwa akitaka kutoka, alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wake wa kike pande zote. Faragha ya bibi ilishikiliwa na mikono ya watu ambao wenyewe hawakuwa na faragha yoyote. Hilo nililiweka akilini, kwa sababu lilikuja kurudi nilipofika kwenye historia ya kwetu.

Kuna mtu mmoja wa Zanzibar ambaye siachi kumfikiria nikikaa nje jioni. Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa 1844. Utotoni aliishi Beit al-Mtoni, jumba lililokuwa na balkoni kubwa ya mviringo iliyotazama bahari, na kwenye kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, anamkumbuka baba yake akitembea huko huku na kule, kichwa kimeinama, akiwaza mambo yake. Sultani mwenyewe alihitaji mahali pa kuwaza. Baadaye Salme alihamia mjini, nyumba yake ikakaribiana na ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Kutoka kwake aliweza kuona karamu za jirani, na jirani alijua kwamba anaonwa. Yaliyofuata yanajulikana: mapenzi, mimba, na mwaka 1866 akatoroshwa kwa meli ya Kiingereza hadi Aden, ambako alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na Ruete. Akafia Ujerumani mwaka 1924.

Yote hayo yalianzia kwa majirani wawili wanaotazamana. Mimi nilikuwa nimenaswa nimeacha chuo tu. Nikaona nimepata nafuu.

*

Mama hakunigombeza kwenye simu. Alisema, "Njoo nyumbani," akakata.

Kutoka Bungoma unashika barabara ya Eldoret hadi Webuye, halafu unapinda kushoto kwenda Kitale. Pale Webuye kuna vilima vya Chetambe juu ya mji, na kila nikipita hukumbuka kwamba vile vilima ni kaburi. Safari hii nilivitazama kwa jicho la mtu anayetafuta pazia.

Babukusu wa karne ya 19 hawakuishi wametawanyika kama tunavyoishi sasa. Waliishi ndani ya chingoba, na moja ni lukoba: kijiji kizima ndani ya ukuta wa udongo, handaki refu limechimbwa kuuzunguka, na lango jembamba. Mashambulizi yalikuwa mengi, na ukuta ndio uliokuruhusu kulala. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na Hobley, walikuja na askari wa Kisudani na washirika wao, wakiwemo Wanga na Baganda. Walipiga Lumboka kwanza, kisha Chetambe. Kuta zilizokuwa zimezuia mikuki hazikuzuia bunduki. Watu wengi walikufa, ng'ombe wakachukuliwa. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapeleka wafuasi wake huko Chetambe kuwakumbuka waliouawa, kwa hivyo zaidi ya miaka hamsini baadaye watu walikuwa hawajasahau.

Baada ya 1895 maisha ya chingoba yaliisha polepole. Familia zilihamia kwenye maboma ya wazi, kila mtu na shamba lake na ua wake wa miti. Na serikali mpya ikaleta kodi ya kibanda, maana yake karani anakuja kuhesabu nyumba zako moja moja. Nyumba iliyokuwa nyuma ya ukuta sasa ilikuwa nambari kwenye kitabu cha mtu.

Lakini hapa ndipo nilipoelewa kitu. Ukuta ulipoanguka, faragha haikuisha. Ilihamia kwenye adabu. Boma la Kibukusu la kawaida liko wazi kabisa, unaweza kuona kuku wote kutoka barabarani, na bado kila mtu ana pa kujificha. Kijana akishatahiriwa anatoka nyumba ya mama yake na kujenga simba, kibanda chake, mara nyingi kuelekea langoni, ili akirudi usiku asiamshe wazee. Mkwe na mkwe wake wana umbali wao ambao hauvukwi, na hakuna ukuta uliojengwa kuulinda. Mgeni anasimama mbali, anapiga hodi, anangoja. Ile hodi ndiyo mlango hasa. Mlango wa mbao ni wa kuzuia mbuzi.

Ndiyo maana balkoni inatusumbua. Ni sehemu pekee ya nyumba ambayo mtu anaingia bila kupiga hodi. Anaingia kwa macho, na adabu zetu hazina neno la kumwambia angoje.

*

Kitale nayo ina stori yake ya kukaa nje. Kama mji, Kitale ni kitoto. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Uingereza ulileta masetla Trans Nzoia, mji ukakua miaka ya 1920, na reli ikafika 1926. Masetla walikuja na nyumba za bangalo, neno lililotokana na Bengal, na mbele ya bangalo kulikuwa na veranda, neno lingine walilolibeba kutoka India. Waingereza walijifunza kuketi kivulini huko, kisha wakausambaza mtindo huo kila mahali bendera yao ilipopepea.

Veranda ya setla haikuhitaji mbao za Jeddah. Faragha yake ilikuwa ekari. Barabara ndefu ya kuingilia, ua wa kaiyaba wenye miiba, miti ya saiprasi, na sheria. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili akae kwenye ardhi hiyo. Kuanzia karibu 1920 mwanaume Mwafrika alitembea na kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, cha kumwambia yeyote anayeuliza yeye ni nani na anamfanyia nani kazi. Mmoja aliketi kwenye veranda akiona shamba lote, wala hakuna aliyemkaribia bila kuitwa. Mwingine alibeba maisha yake shingoni yasomwe na kila askari. Kukhu yangu alifanya kazi kwenye nyumba moja ya hivyo. Alituambia veranda ya mzungu aliijua vizuri sana kwa sababu aliipiga deki kila asubuhi. Hakuwahi kuikalia.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Wahindi walijenga maduka yenye veranda pana mbele, nguzo zikishika paa, ili mteja asinyeshewe. Familia iliishi nyuma au juu. Mafundi wa cherehani wakaweka mashine zao pale kwenye veranda, na mpaka leo ukitaka suruali ipunguzwe Kitale unajua pa kwenda. Veranda ya duka ilitaka macho. Macho ndiyo biashara. Na mfanyakazi Mwafrika wa mjini? Serikali ya kikoloni ilimhesabu kama mtu wa kupita, mwanaume asiye na mke wala watoto, anayehitaji kitanda tu mpaka arudi kwao. Nyumba za wafanyakazi kwenye miji ya Kenya zilijengwa kwa fikira hiyo: chumba, watu kadhaa, choo cha pamoja. Nani angemjengea mtu wa kitanda mahali pa kukaa jioni?

Ndiyo maana nadhani wazazi wetu, walipopata vijipande vyao vya ardhi baada ya uhuru, hawakujenga nyumba ya mabati bila veranda. Ya mama yangu, hapo Matisi, ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, inang'aa kwa polishi. Anaketi hapo akichambua maharagwe, na hakuna anayepita njiani asiyesalimiwa. Hiyo ni veranda inayotaka kuonekana, na ana haki. Mama yake alipiga deki ya wengine.

Nilifika saa tisa. Aliniletea chai tukaketi hapo hapo. Nikavuta pumzi nianze, mtu akapita: "Mulembe, mama!" Wakasalimiana mpaka habari za ng'ombe. Nikaanza tena, mwalimu mstaafu akasimama na baiskeli yake: "Ah, mwanafunzi wetu wa chuo amekuja!" Mama akatabasamu. Mimi nikatazama sakafu nyekundu. Mara ya tatu ilikuwa watoto wa jirani wakitaka kuchuma mapera. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa bado sijasema sentensi hata moja kamili.

Mama akakusanya vikombe. "Hapa hatutaongea," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja huko kwako."

*

Nilikuwa na siku 10.

Niseme kidogo kuhusu hizi nyumba tunazopanga, kwa sababu nazo ni historia, hata kama rangi yake bado mbichi. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Makao yake yakawa miji kama Bungoma na Kitale. Wafanyakazi wa kaunti wakahamia, mashirika yakafungua ofisi, na Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kikapata hati yake mwaka 2015. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 kaunti ya Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Wengi bado wako mashambani, lakini wale wa mjini lazima walale mahali, na mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 akaona afadhali apande orofa nne kuliko mahindi.

Ploti ya 50 kwa 100 ni ndogo. Mjenzi anaijaza mpaka mwisho, jirani naye anajaza yake, na balkoni zinakutana katikati kama watu wawili kwenye lifti. Zimewekwa kwa sababu zinapendeza kwenye picha ya tangazo na zinaongeza kodi. Ndani ya matumizi yake ya kweli utakuta mtungi wa gesi, ndoo, kamba ya nguo, viatu vya matope na jiko la makaa la siku gesi ikiisha. Mtu hakai hapo. Angekaaje, na nyumba 12 zinamtazama?

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na nyumba yake isipekuliwe na habari za familia yake zisitolewe bila sababu. Nilikisoma kifungu hicho nikiwa nimekaa kwenye balkoni, jirani akinitazama ninavyokisoma. Kinamzuia askari. Mama wa kanisani hajatajwa, na sitaki atajwe. Haki nyingine mtu anajishonea mwenyewe.

Basi nilifanya hivi.

Kwanza, nilirudi kwa keateka nikamuuliza hasa mwenye ploti anachukia nini. Jibu: vitu vya rangi rangi vinavyoning'inia nje ya vyuma. Kwa hivyo kila kitu changu kingekaa ndani ya vyuma na kiwe na rangi moja. Hilo lilikubalika, na naapa limeokoa pesa nyingi kuliko ujuzi wowote wa ufundi.

Pili, sokoni nilinunua mikeka miwili ya mafunjo, ile minene ambayo watu huweka dari. Niliikata kimo cha vyuma, nikaifunga kwa ndani na waya laini wa kufungia vyuma vya ujenzi, kila hatua ya mkono. Mkeka huo unaziba kuanzia sakafuni hadi kiunoni, yaani mtu akiketi haonekani, akisimama anaonekana. Nilipendelea hivyo. Mtu aliyesimama yuko tayari kusalimiwa; aliyeketi ana shughuli zake. Mafunjo yanaoza yakinywa mvua, na Bungoma mvua ya alasiri haikuombi ruhusa, kwa hivyo niliupaka mkeka vanishi pande zote na kuuinua kidogo kutoka sakafuni maji yapite.

Tatu, juu ya vyuma niliweka neti ya kivuli, ile nyeusi inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche. Iko kwenye waya kama pazia, naivuta nikitaka na kuifungua nikitaka. Hii ndiyo mashrabiya ya maskini. Mchana inafanya kazi vile vile kama ya Jeddah: naona barabara, barabara hainioni. Lakini chunga usiku. Giza likiingia na ukiwasha taa ndani, mambo yanageuka. Wewe ndiye unakuwa sinema. Nilijifunza hivyo nikicheza muziki peke yangu na kijiko cha ugali mkononi. Sasa usiku nakaa bila taa, au naweka taa ndogo chini kabisa, nyuma ya mkeka.

Nne, mtungi wa gesi nimeuondoa kwenye kona ya mkeka. Mafunjo makavu na moto si marafiki. Jiko la makaa pia haliwashwi hapo tena.

Tano, ndoo mbili zenye udongo, matundu yametobolewa chini, zimekaa karibu na ukuta ambako sakafu ina nguvu, siyo kwenye ukingo. Moja ina mkarakara unaopanda kamba, nyingine ina sucha, maana nikipanda maua tu Mama ataniuliza yanaliwa wapi. Kigoda kimoja, kiti kimoja cha plastiki kilichofunikwa leso ya zamani. Basi. Sijafika juu kabisa na neti. Nimeacha nafasi, kwa sababu balkoni iliyozibwa yote ni stoo, na nilikuwa nimeshaona vya kutosha kuhusu wanawake waliofungiwa nyuma ya mbao nzuri.

*

Mama alifika Jumamosi saa tano na mfuko wa mahindi mabichi. Alikagua nyumba yote kimya, jikoni, chooni, chini ya sinki. Kisha akatoka balkoni, akaketi kwenye kiti chenye leso, akatazama kupitia neti.

Akakaa hivyo muda mrefu. Chini boda wawili walikuwa wanagombania mteja. Mama mboga alikuwa anamwagilia maji sukuma wiki zake. Kwenye jengo la mkabala nguo zilikuwa zimeanikwa.

"Mimi nawaona," alisema, "na wao hawanioni."

"Ndiyo."

"Ni kama kule kwenye kitubio." Mama ni Mkatoliki wa kujitolea, anakijua kile kidirisha cha vitundu kati ya padri na anayeungama. Akajirekebisha kwenye kiti, akatazama barabara, siyo mimi. "Haya. Sema."

Nikasema yote. Karo, barua ya kwanza, barua ya pili, muhula ambao nilienda darasani bila kusajiliwa mpaka jina langu likaruka kwenye orodha ya mitihani. Miezi minne ya "niko sawa." Pesa ninazopata kwa kuandika, ambazo si nyingi lakini ni zangu. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega tukitazama boda, na nadhani tungekaa tukitazamana nisingeweza. Hakuna aliyepita akasema mulembe.

Mama hakusema ni sawa, kwa sababu si sawa. Aliuliza deni ni kiasi gani. Nikamwambia. Akavuta hewa kwa meno. Akauliza kama ningependa kurudi. Nikasema sijui, na lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa mwaka mzima. Alinyamaza, akachuma jani moja la sucha, akalisugua kwa vidole kuona kama lina wadudu.

Kisha mlango wa mkabala ukafunguka, jirani yangu akatoka na beseni la nguo. Mama akamtambua, sijui kwa maelezo ya nani.

"Mulembe, mama!" akaita.

Yule mama akasimama, akatazama chini, akatazama juu, akatazama madirisha yetu moja moja. Hakuona mtu. Nilimwona akishika beseni kwa nguvu zaidi. Mama akamwacha hivyo kama nusu dakika, na sijawahi kumwona akifurahia kitu namna hiyo. Halafu akasimama, akavuta neti upande mmoja kwa mkono wake mwenyewe.

"Niko hapa," akasema. "Mimi ndimi mama yake."

Wakaongea karibu nusu saa, kutoka balkoni hadi balkoni, juu ya bei ya mahindi, kwaya, na miguu inayouma wakati wa baridi. Mimi nilibaki nimeketi nyuma ya mkeka, laptopu mapajani, nikimalizia makala ya mtu. Hakuna aliyenitaja.